Jafari Hashtuki

Jumanne, jioni. Jua la leo lilikuwa la kuchoma.

Mimi sio muongeaji. Ndio maana pale kwenye meza yangu ya soksi Kariakoo nimeweka spika, nikamrekodi mshkaji mwenye sauti. Inaita wateja kutwa nzima, mimi natoa mzigo tu.

Mwanangu Jafari ana miezi tisa. Mama yake akiwa na mihangaiko ananiachia. Analala chini ya meza, pembeni ya spika. Hashtuki. Mama Zulfa wa vitenge hunitania, "Baba Jafari, huyu kakufuata wewe. Katulia kama maji ya mtungi!"

Nilikuwa najisikia fahari.

Leo kaja pale mezani Neema, tumepanga naye nyumba moja. Yuko chuo, anasoma jinsi binadamu anavyokua, toka tumboni mpaka uzeeni. Wamepewa kazi ya kuchunguza mtoto mmoja mmoja, akamtaka Jafari. Nikacheka moyoni. Mimi la saba nilimaliza kwa mbinde, kumbe hata kukua kunasomewa?

Akafungua daftari. Anakaa mwenyewe, tiki. Anashika kitu, tiki. Halafu akasema, "Kaka, zima spika kidogo."

Akaenda nyuma ya Jafari, akatikisa funguo. Akapiga makofi. Mama Zulfa akageuka. Muuza maji akageuka.

Jafari hakugeuka.

"Anaringa huyo," Mama Zulfa akasema.

Nikamwita mwenyewe, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa pale sokoni. "Jafari!" Watu mpaka meza ya sita wakaniangalia. Mwanangu anachezea soksi.

Neema akafunga daftari. "Mimi sio daktari, kaka. Ila mpeleke hospitali wampime masikio. Usisubiri."

Mimi huwa naangalia kila kitu, kimya kimya. Hili sikuliona. Miezi yote nasifiwa, na mimi naitikia.

Alizaliwa hivyo? Au ni ile spika yangu?

Sikuiwasha tena.

Sasa hivi nimekaa mlangoni. Ndani Mama Jafari anamwogesha, anamwimbia. Jafari anacheka, macho kayakazia kwenye mdomo wa mama yake.

Kesho asubuhi tunaenda hospitali. Mama yake bado hajui.

Wimbo ukiisha, naingia kumwambia.