Uliyebadilisha Majina ya Madirisha Yangu

Kwako Odhiambo, uliyekuwa mchumba wangu,

Nilijaribu kuandika "mpendwa" mara mbili, mkono ukakataa.

Unakumbuka ile ofisi yetu ya utafiti wa samaki kando ya ziwa, mimi na wewe kwenye kompyuta moja kubwa? Kazi yangu ilikuwa kuingiza rekodi walizoleta akina mama kutoka fuoni. Nilifungua madirisha mawili meusi ya kuandikia amri, moja la rekodi halisi, jingine la kujifunzia, na yalifanana kama mapacha. Siku moja nilikaribia kuchanganya. Ukavuta kiti, ukacheka, ukasema, "Jaber, mrembo wangu, yape majina." Ukanionyesha mistari ya kuweka kwenye faili la kuanzia, ili kila nikiingia majina yajiandike yenyewe juu ya madirisha: HALISI na MAJARIBIO. Nilifurahi kama mtoto. Siku hiyohiyo nilikupa neno langu la siri, kwa kuwa lilikuwa jina la mama yako na nilitaka ujue.

Kisha mkubwa wetu akatangaza kwamba mtu mmoja atapelekwa kozi ng'ambo, na mtu huyo ni mimi. Ulinikumbatia mbele ya wote.

Jumatatu iliyofuata mkubwa aliniambia nisafishe rekodi za kujifunzia. Niliangalia juu ya dirisha mara mbili. MAJARIBIO. Nikaandika amri ya kufuta. Mchana mkubwa alikuja mlangoni, uso umemshuka.

"Akinyi, umefanya nini? Kazi ya msimu mzima haiko!"

Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Wewe ulinishika bega, ukasema, "Pole, usijali, nitaona." Kesho yake ukatoa kabatini kanda ya akiba yenye nakala ya rekodi, ukarudisha kila kitu, na ofisi nzima ikakupigia makofi. Mimi nikahamishiwa mapokezi, kupokea simu. Wewe ukapewa kozi yangu.

Kabla sijahama niliomba kuingia kwenye kompyuta mara ya mwisho. Nilifungua lile faili. Majina yalikuwa yamebadilishana mahali, HALISI pa MAJARIBIO, na tarehe ya kubadilishwa ilikuwa Jumapili, siku niliyokuwa Kombewa nikimuuguza shangazi. Neno langu la siri ulilijua wewe peke yako. Nilikimbia chooni nikatapika chai yote.

Nilikufuata hadi kwenu Kaloleni. Hukukana hata kidogo. Ulikuwa unakula, ukaendelea kumega ugali.

"Mmoja wetu akienda, si ni kama tumeenda wote? Na kanda nilikuwa nayo. Hakuna kilichopotea."

Hakuna kilichopotea! Nilitazama vidole vyako, mchuzi ukitiririka hadi kwenye kifundo cha mkono, nikashangaa kwamba niliwahi kutamani vinishike. Nikavua pete, nikaiweka mezani kando ya sahani. Mkubwa nilimweleza, hakuniamini. Alisema ni wivu.

Hayo nilikuwa nimeyanyamazia miaka yote hii. Kinachonifanya niandike ni Jumapili iliyopita kanisani Migosi. Hukujua nimekaa viti vya nyuma. Ulisimama na suti yako kutoa ushuhuda, ukasema kwamba zamani msichana mmoja mzembe aliharibu kazi ya ofisi yenu, nawe kwa neema ya Mungu ulimsamehe. Watu wakasema amina.

Nikatoka. Mchungaji alinifuata hadi ngazini, akauliza, "Mama, mbona unaondoka kabla ya baraka?" Nikamweleza yote pale pale, akina mama wa ushirika wakisikiliza, bila kupunguza hata neno. Akaniuliza kwa upole kama niko tayari kukusamehe.

Nikamwambia, "Mchungaji, hajaomba."

Kaa salama huko uliko. Tukikutana mjini, usininyooshee mkono.

Ni mimi, niliyekaribia kuwa mke wako,
Akinyi