Theluji ya Juu ya Paa

Jumatano, 21 Februari 2018

Theluji tena. Nimepika supu ya watu wawili, nikainywa yote. Diwani anayepinga ubadhirifu hawezi kumwaga supu.

Jioni alikuja Nishiwaki, karani wa ofisi ya mji. Alitaka kujua nitauliza nini kikaoni mwezi ujao, ili waandike majibu mapema. Ndiyo desturi yetu – hakuna anayeshtukizwa. Aliinamia picha ya marehemu mume wangu, Kokichi, akafukiza ubani. Kisha akasema, huku akiangalia mkeka, kwamba ule mpango umerudi: mji uwalipe vijana wa kuondoa theluji kwenye mapaa ya wazee.

Mwaka jana niliukataa mimi. Nilisema kila nyumba ina beleshi lake. Nilipigiwa makofi!

Kokichi alikuwa na miaka sabini na moja, na beleshi lake. Alianguka kutoka paani Januari 12.

Alhamisi, 1 Machi

Siku ya arobaini na tisa tangu Kokichi afariki, siku ya kumwombea. Mtawa alisoma sala, miguu ikanifa ganzi.

Kwetu barazani kura hupigwa kwa kusimama. Miaka kumi na moja, pesa za umma zikitajwa, mimi hukaa. Mjini wananiita Mama Kiti. Leo wifi yangu Fumie alinishika mkono jikoni.

"Wifi, safari hii simama. Kwa ajili ya kaka yangu."

Nikamuuliza pesa itoke wapi.

"Wewe! Hata leo?"

Hata leo. Kodi ikipanda, watakaoilipa ni wazee walewale. Fumie aliosha vyombo kwa kelele sana.

Kokichi alikuwa akizima taa kila alikopita, hata mimi nikiwa bado chumbani. Nilipolalamika gizani, alijibu: kubana matumizi ya serikali kuanzie nyumbani. Sasa nazizima mwenyewe. Si sawa na alipozizima yeye.

Jumatatu, 5 Machi

Mzee mwingine ameanguka, mtaa wa juu. Amevunjika nyonga.

Nimeandika marekebisho. Vijana walipwe, lakini kutoka kwenye posho zetu madiwani. Bila mkopo, bila kodi mpya. Nishiwaki aliisoma karatasi mara mbili.

"Mheshimiwa, na hili tuliandikie jibu?"

"Liandikieni."

"Sijui jibu lake."

Mtu mzuri. Nilimpa chai.

Ijumaa, 16 Machi

Mapumziko ya dakika kumi. Naandika kwenye korido, karibu na birika.

Wanne wanautaka mpango, wanne hawautaki. Mimi ni wa tisa. Mwenyekiti Onodera hapigi kura ila zikilingana, na hapendi zilingane. Niliposoma habari ya posho, mmoja alikohoa, akasema: "Mama Kiti anataka tukae wote bure!" Wakacheka. Hata mimi kidogo.

Sasa hivi Onodera amenifuata na karatasi.

"Mama Hatano, futa marekebisho yako. Saini hapa, nasi tunaupitisha mpango leo hii. Tutakopa kidogo tu. Tutauita kwa jina la marehemu."

Kokichi hakuwahi kukopa hata ngazi. Ile yetu ilikuwa kuukuu.

"Nisipofuta?"

"Nani atasimama akatwe posho yake? Hata wale wanne watakaa. Baridi ijayo wazee watapanda wenyewe tena."

Amesema kwa upole. Ameinama, ameondoka.

Deni litalipwa na watoto walioko shule ya msingi. Ni sitini na nane. Niliwahesabu asubuhi wakipita na kofia zao za njano, kwa mazoea. Wazee wanaoishi peke yao ni mia mbili na kumi na moja. Kuanzia Januari, nami ni mmoja wao.

Hoja zangu zote nazijua tangu zamani. Bado nadhani ni za kweli – hilo ndilo linaloniuma.

Kengele! Wanaingia. Nishiwaki anashikilia mlango, haniharakishi. Sikuwa na kalamu, nikamwomba ya kusaini. Ndiyo hii ninayoandikia. Karatasi ya Onodera iko gotini, bila saini, chini ya daftari, na bado naandi