Msitu wa Miti Iliyolala

Mdogo wangu mpendwa,

Nianze na salamu, maana hata mwenye hasira ana adabu zake. Natumai wewe, wifi na wanangu mmeamka wazima, na kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo bado unamsumbua, lakini hataki kuacha kubeba majora ya turubai. Anasema siku akiacha atakufa, nami nimemwambia basi afe akiwa amepumzika. Mama yuko vilevile. Anakula kidogo, analala kidogo, na kila asubuhi anauliza kama leo ni Jumamosi, siku yako ya kuja kumsomea.

Ningekupigia simu, lakini nakufahamu. Kwenye simu huwa unacheka kabla mtu hajamaliza anachosema. Karatasi utaisoma mpaka chini.

Ujumbe wako niliupata. Unataka mahema ishirini kwa ajili ya kambi ya likizo ya wasomaji wako wadogo. Unataka pia siku ya ufunguzi nije mwenyewe, nisimame mbele yao na kukunja uso, wapate kumwona Dada Ndita wa kweli. Umeandika kwamba watoto watafurahi sana. Jibu langu ni barua hii yote, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Mahema kwanza, kwa sababu kazi ni kazi. Tumeshakata kitambaa na fundi wangu mkuu ameanza kushona mapaa. Hema moja ni la watoto wawili, si watatu. Ukibana watatu ndani ya upana ule, wa pembeni atagusana na turubai usiku kucha, na asubuhi utamkuta amelowa hadi kwenye mfupa. Haya mambo siyabahatishi. Nilianza na cherehani ya kuazima kwenye kibaraza cha watu, nikishona magunia yaliyopasuka, na leo hakuna fundi anayeweza kunidanganya kitambaa kimeishia wapi. Sijisifu, mdogo wangu. Nataka tu ukumbuke anayeongea nawe si yule wa kwenye picha za vitabu vyako, mwenye kichwa kama boga na zile ndita, mikunjo mitatu kwenye paji la uso.

Maana huyo nimeishi naye muda mrefu. Kitabu chako cha kwanza kilipotoka, na ule msitu wako wa miti iliyolala, na Mfalme wa Kambi, na Jitu la Tochi, na dada mnuno anayehesabu biskuti, nilikinunua nikakiweka dukani pale wateja wanapoketi. Nilisema ni kitabu cha mdogo wangu. Baada ya wiki chache mafundi walikuwa wakiniita Ndita nikiwapa mgongo. Baadaye wakawa wananiita nikiwa mbele yao. Watoto wa mtaani kwetu hunifuata wakiuliza zimebaki biskuti ngapi leo. Nilivumilia. Biskuti kweli nilizihesabu. Wewe ulikuwa unakula, na ilibidi mmoja wetu ajue kama za kesho zipo.

Lakini siku ya uzinduzi wa kitabu cha nne, pale shuleni, ulinishika mkono ukanipandisha jukwaani. Ukawaambia watoto kwamba huyu ndiye, Ndita mwenyewe, mkimchokoza anauma. Wakacheka mpaka mwalimu mkuu akafuta machozi. Kisha ukafungua kitabu na kusoma kuhusu Tone, kitinda mimba wetu. Umeandika kwamba Ndita alichoka kumbeba, akalalamika mikono inamuuma, akasema afadhali mtoto apelekwe kwa Shangazi. Shangazi akaja na gari jekundu akamchukua Tone, na usiku huo Ndita akalala fofofo. Msichana mmoja wa mbele aliniuliza kwa sauti kama sikumwonea huruma yule mtoto. Kabla sijafungua mdomo ukamjibu wewe, ukasema Dada Ndita huruma yake aliihesabu, akakuta haitoshi watu wawili. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata ulimsomea Mama ukurasa uleule. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama aligeukia ukutani. Ulipotoka uliniambia, huku ukitabasamu, kwamba umeona machozi ya furaha.

Sasa nikuambie ulichokiona.

Mdogo wangu, hatukuwahi kupiga kambi. Baada ya kumzika Baba, baba mdogo alibadilisha kufuli la nyumba, na tulikuta vyombo vyetu vimewekwa nje ya lango. Wewe ulikuwa na miaka minne, mimi tisa, Tone alikuwa bado ananyonya. Mama alibisha hodi kwa watu aliodhani anawafahamu, kila mmoja akawa na sababu yake. Jioni ile alichuchumaa mbele yetu njiani, akatushika mabega, akasema sisi ni wasafiri na leo tunakwenda kupiga kambi. Wewe uliruka kwa furaha. Mimi nilimwangalia miguuni, nikaona amevaa kiatu kimoja cha kulia na kingine cha kulia, alivyotoka na haraka.

Tuliingia kwenye kiwanja cha mbao kupitia nafasi kwenye uzio. Mbao zilikuwa zimepangwa juu ya mawe, safu baada ya safu, na chini yake kuna nafasi ya mtu kutambaa. Ndiyo ile miti yako iliyolala, ambayo wasomaji wanakuandikia kukuuliza iko nchi gani. Msitu wako ulikuwa umeshakatwa na kupasuliwa. Lile godoro la msitu linalonukia utamu ni maranda.

Na zile Kanuni za Kambi, ambazo walimu wamezibandika kwenye kuta za madarasa, na wewe ukapewa tuzo kwa kuwafundisha watoto kuheshimu mazingira? Msafiri haongei kwa sauti, asije akawashtua wanyama. Msafiri hawashi moto. Msafiri huamka kabla ya jua. Msafiri haachi alama mahali alipolala. Wateja wangu wanazikariri dukani huku wakipima mahema. Nimeshona mahema kwa miaka mingi, na sijaona mtu anayekwenda kupiga kambi asiwashe moto. Hizo ni kanuni za watu wanaojificha. Mama alizitunga ili mlinzi wa kiwanja asitukute akatufukuza, na akazifanya mchezo ili wewe uzishike. Ulizishika vizuri kuliko sisi wote.

Hukuweza kuona nilikuwa nanuna kwa sababu gani. Mimi nilijua ule si mchezo.

Tulilala pale siku chache. Usiku wa mwisho ilinyesha, na upepo ukawa unaingia kutoka upande ulio wazi. Blanketi lilikuwa moja. Nimelipima kichwani mara nyingi, kama ninavyopima kitambaa: likilazwa kwa upana lilitosha watoto watatu, na hata miguu ya Mama. Lakini wewe ulianza kulia, na tochi ya mlinzi ilikuwa inakuja upande wetu. Mama akakunong'oneza kwamba wewe ndiye Mfalme wa Kambi, na mfalme hupewa blanketi zima, mradi asitoe sauti mpaka asubuhi. Ukanyamaza. Mama akakuzungushia lote mpaka yakabaki macho. Ndiyo picha ya kwenye jalada lako, ile ambayo watoto wanaichora kila unapowatembelea.

Mimi nilimchukua Tone nikamwingiza ndani ya sweta langu. Mikono iliniuma, hapo hukukosea. Nilimhamisha bega hili, nikamhamisha bega lile. Alikuwa analialia kwa sauti ndogo, halafu akaacha. Nilimnong'oneza Mama kwamba hata Tone ameujua mchezo. Mama akasema mtoto mzuri. Nilikaa nimemkumbatia hivyohivyo, na nilijivuna, maana nilidhani nimemlaza mimi.

Kulipopambazuka Mama alimchukua ili amnyonyeshe, na hapo akazivunja kanuni zote za kambi kwa yowe moja.

Jitu lako la Tochi lilikuja mbio. Alikuwa baba mfupi, amevaa koti la mvua lisilo na vifungo. Alimwona Tone, akaketi kwenye maranda. Hakutufukuza. Aliuliza jambo moja, akawa analirudia: kwa nini hatukumwita. Alisema ana kibanda pale langoni, na jiko lake la mkaa halizimwi usiku kucha, na yeye ni baba wa watoto watano, sasa angetufanya nini? Kisha yule baba aliokota vipande vya mbao akapigilia sanduku dogo la Tone. Mbao hazikulingana, akaona aibu, akalipaka ile rangi nyekundu wanayowekea alama kwenye magogo. Lilipotoka langoni juu ya mkokoteni, wewe ulikuwa ndio unaamka ndani ya blanketi lako. Ukauliza kile chekundu kinakwenda wapi. Mama akasema ni gari la Shangazi.

Hakuna Shangazi, mdogo wangu. Baba hakuwa na dada, na yule uliyeambiwa baadaye kwamba Tone alifia kwake kwa homa hakuwahi kuzaliwa. Mama alimtunga palepale, amesimama, kabla machozi hayajakauka. Watu wanakuuliza kipaji chako umekitoa wapi. Sasa unacho cha kuwajibu.

Siku ile Mama alinishika kidevu, akaniapisha nisikuambie kamwe. Alisema wewe ni mdogo, utasahau, kwa nini ubebe mzigo. Nikamwuliza na mimi je? Akasema mimi ni mkubwa. Kiapo hicho nimekishika mpaka nilipoanza barua hii. Ningekishika mpaka kaburini, ungeniacha tu na biskuti zangu. Lakini umewaambia watoto wa watu kwamba nilichoka kumbeba.

Na liko jingine, ambalo Mama hajawahi kulisema wala halitamtoka. Wewe ulikuwa mtoto wa kulia. Ulilia ukioga, ulilia ukila, ulilia mtu akikutazama sana. Mtaa mzima ulikujua kwa hilo. Usiku ule mmoja ndio ulinyamaza. Ungelia kidogo tu zaidi, tochi ingetufikia, na sote wanne tungeamka kando ya jiko la yule baba. Najua ulikuwa na miaka minne. Nimelifikiria sana hilo, na bado nimekuandikia.

Haya, tumalize kazi. Mahema yako yatakuwa tayari kabla ya likizo, na kijana wangu wa gari atayaleta pamoja na vigingi na kamba. Nimeongeza blanketi moja kwa kila mtoto, zawadi yangu, usinishukuru. Sharti ni moja. Ile kanuni ya kwanza ifutwe. Mahali pake uandike kwamba mtoto akisikia baridi usiku apige kelele mpaka mtu mzima aje. Usipoiandika, mahema hayatashushwa garini. Kwenye ufunguzi sitakuja.

Jumamosi njoo kama kawaida. Usimwambie Mama kwamba unajua. Muda uliombakia ni mdogo, na kitu pekee anachojivunia duniani ni kwamba wewe unakumbuka kambi. Siku ukimnyang'anya hicho, usinihesabu tena kuwa dada yako. Atakuomba ukurasa wa blanketi, kama anavyouomba kila mara. Msomee wote, usiruke mstari, na utie zile sauti zako za mfalme na za jitu. Akigeukia ukutani, endelea kusoma. Mimi nitakuwa pale mlangoni, mahali pangu pa siku zote, ila safari hii tutakuwa wawili tunaojua.

Ukimaliza, kabla hujatoka nje kwa watoto wa mtaani, simama kidogo mbele ya kile kioo cha ukumbini kwangu ujitazame. Ndita huwa zinaanzia katikati ya nyusi.

Nisalimie wifi sana, na wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Dawa ya kikohozi usiache katikati. Shemeji yako anakusalimu, na Mama anauliza tena kama leo ni Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
Ndita