Taa Inayowaka Ikiwa Imezimwa

Ipuli, Jumatano

Nimezima swichi, lakini taa bado inawaka kwa mbali.

Leo nimetoa globu ya haloji kwenye taa ya gereji, nikafunga LED ili kupunguza matumizi ya umeme. Ile ya zamani haikuwahi kuwaka hivi. Nikafungua kifuniko cha swichi: inakata nyutro tu, waya wa kurudisha umeme. Hata ukizima, waya wa moto unabaki na umeme mpaka kwenye taa.

Kaka Masanja alikufa kwa shoti akibadilisha globu hapo hapo. Msibani nilimwambia mkewe, "Shemeji, alisahau kuzima."

"Masanja? Hawezi kusahau."

Kumbe alizima. Swichi hii niliifunga mimi.

Kesho nakwenda Puge kumwambia shemeji. Ataipokea shikamoo yangu kwa furaha, kama siku zote, halafu mimi...