Binti Anaamini Ekseli Zile Ni Kazi ya Mikono Yake

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu, naomba msaada wako maana hapa nilipofika mbele sioni na nyuma siwezi kurudi.

Mimi ni mama mtu mzima, kazi yangu ni kukereza vyuma, na mwaka jana shule ya wasichana iliyo jirani na karakana yetu iliniomba niwafundishe wanafunzi wa timu ya roboti kutengeneza vipande vyao wenyewe badala ya kununua, nikakubali kwa moyo mweupe, kwa sababu mimi kazi hii nilifundishwa kwa matusi, nikaapa kwamba hawa wangu hawatalia mbele ya mashine. Kiongozi wao tunamwita Injinia, binti mcheshi, mwepesi, mashine haiogopi hata kidogo, ila ana kosa moja: akipitiliza alama ya kipimo anarudisha mpini mpaka kwenye alama na kuendelea, kumbe parafujo ya ndani ina ulegevu, mpini umerudi lakini kisu kimebaki palepale, chuma kinaliwa kupita kiasi na ekseli, kile chuma kinachobeba tairi, inatoka nyembamba, tairi zinachezacheza. Anatakiwa arudi nyuma sana, kisha aje mbele upya polepole mpaka kwenye alama. Kosa hilo nililiona siku ya kwanza.

Mshauri, nilimtazama anavyotabasamu, nyuzi za alumini zimemganda kwenye aproni, nikashindwa kusema. Nikamwambia, "Acha ipoe mwanangu, chuma cha moto hakipimwi, tutapima kesho." Na ni kweli chuma cha moto hakipimwi, ndiyo maana hakunishuku. Walipoondoka nikakereza nyingine mwenyewe nikaiweka mahali pa ile yake, na alipoipima akaikuta sawasawa aliruka akanikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. Nikajiambia ni mara moja tu. Haikuwa mara moja, nimefanya hivyo msimu mzima, na roboti yao imeshinda mchujo wote.

Juzi baba yake, fundi cherehani, mtu mpole sana, alikuja karakana na ekseli moja ameifunga kwenye kitambaa kisafi, akaniambia, "Mama, nimekuja kukushukuru. Huyu alikuwa aende akasomee ukarani, sasa amekataa katakata, anasema maisha yake ni mashine. Nami nikiitazama kazi hii, nitamkatalia kwa lipi?" Wateja wake wote ameshawaonyesha ekseli hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa fainali imekaribia na waamuzi wametangaza kwamba kila timu itapewa alumini ghafi, na kiongozi wake atakereza ekseli mbele ya watu wote. Injinia anacheka tu, ananiambia, "Mwalimu, hiyo si kumsukuma mlevi?" Mume wangu anasema ninyamaze, huenda siku hiyo akabahatisha. Mimi nimefikiria hata kujifanya mgonjwa ili timu ijitoe. Nikimwambia nitamvunja, nikinyamaza atavunjikia jukwaani, na kila nikimwona anaingia na aproni yake naona mtu anayetembea kuelekea shimo nililolichimba mwenyewe. Nifanye nini?

Ni mimi, Mkerezaji Niliyenasa.

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mkerezaji, pole. Ipokee vizuri, maana ni ya kwanza na ya mwisho katika jibu hili.

Mimi mashine yako siijui, hata msumari nikiupigilia hupinda. Lakini kosa la binti huyo nimelielewa, kwa sababu umenieleza mimi, mtu baki, kwa maneno machache yaliyonyooka. Yeye unayemwita mwanangu umemnyima maneno hayohayo msimu mzima! Unasema ulimwonea huruma. Hapana. Ulijionea huruma wewe, hukutaka kuuona uso wake ukikunjamana. Wale waliokutukana walikosa adabu, ila waliondoka wamekuachia kazi mkononi. Wewe umembembeleza na mikono yake bado mitupu.

Ugonjwa wa kusingizia usiuguse. Na mumeo mwambie kwa heshima zote kwamba hapa hakuulizwa.

Kesho mwite Injinia pembeni kabla mashine haijawashwa. Mwambie, "Ekseli zote nilizitengeneza mimi." Usianze na "nilikupenda sana", hiyo ni kumtaka akubembeleze wewe. Akilia mwache alie. Akiuliza kwa nini, mjibu ukweli hata ukikuaibisha. Kisha waambie wenzake na mwalimu mkuu, na ule ushindi wa mchujo waamue wao wenyewe cha kuufanya, si wewe. Kwa baba yake nenda kwa miguu yako, usimtume mtoto, na useme waziwazi kwamba binti hana lawama yoyote.

Baada ya hapo mfundishe. Sitakudanganya dada yangu, muda umekwisha kwenda. Huenda asiwahi. Huenda akakosea mbele ya watu wote, au akaitupa aproni na kwenda huko kwenye ukarani, na asikusalimie tena barabarani. Hayo yakitokea utayabeba, mimi sina dawa ya kuyapunguza, na nimekaa na barua yako muda mrefu nikiitafuta.

Lakini akirudi, hata kwa hasira, hata bila shikamoo, msimamie huku umefumbata mikono nyuma ya mgongo. Mashine aendeshe yeye. Akikosea, mwambie amekosea, papo hapo, huku anakutazama, halafu mwonyeshe. Ukiona hilo huliwezi, basi iambie shule imtafutie mwalimu, kwa maana mpaka leo hajawahi kuwa naye.