Figo ya Wambui

Jumapili, 2 Februari 2025

Tukitoka kanisani, ndani ya gari, mke wangu Wambui ananiambia ameshaenda kupimwa. Anataka kunipa figo moja. Hakuniuliza. Na kilichonijia kwanza ni furaha — furaha, kabla ya kumhurumia! Nimejichukia kutwa nzima. Miaka miwili ya kusafishwa damu kwa mashine imenichosha, lakini hata hivyo.

Ndugu yangu Lenny alipimwa mwaka jana. Hospitali ilisema hafai, basi.

Jumanne, 4 Februari

Binti yetu Stacy anasoma hadithi za Wagiriki shuleni. Amenisimulia moja nikiwa nimejilaza sofani. Mfalme amefikiwa na kifo, ila mtu akikubali kufa badala yake, atapona. Wazazi wake, wazee kabisa, wakakataa. Mkewe Alkesti akakubali. Nikamuuliza, na mfalme je?

"He cried a lot, Dad. Lakini akamwacha aende."

Akarudi kwenye simu yake. Figo moja si kifo, najua. Wambui ni nesi, anajua kunishinda. Lakini mwanamume gani huyo — kulia alilia, na kukubali akakubali. Nimemchukia kwa sababu namwelewa.

Alhamisi, 6 Februari

Mzee Francis kapiga simu kutoka Richfield, mji wa jirani huku ughaibuni. Ndiye aliyenisemea siku ya ruracio tulipopeleka mahari, kwa hiyo neno la wakwe hupitia kwake hadi leo. Baba yake Wambui amesikia habari kwenye grupu ya maombi ya WhatsApp, si kwangu. Ujumbe wake: "Tulimpa mke. Hatukumpa vipuri."

Mzee alicheka kidogo, halafu akanigombeza. "Gitonga, ungetutuma kwanza tukaombe," akasema. Ni kweli. Mke huombwa, sikufikiria kwamba na figo yake huombwa.

Nikamwambia Wambui tuache. "Si ya baba, ni yangu. Meza dawa," akasema.

Jumatatu, 10 Februari

Hospitalini, Wambui ameitwa chumbani peke yake, kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni kumlinda anayetoa figo. Mimi nimebaki nje. Njiani kurudi nyumbani amenieleza utaratibu wao. Anayetoa akibadili nia, mgonjwa huambiwa tu kwamba mtu wake hafai. Sababu haitolewi, ili watu wasikosane.

Nikamfikiria Lenny. Yeye pia waliniambia hafai, basi.

Alhamisi, 13 Februari

Hospitali imepiga. Wambui hafai. Hakuna maelezo.

Nilimkuta jikoni akisukuma chapati, kanipa mgongo. Nikasema Mungu ana mpango wake. Akazima jiko, akavuta kiti, akaketi mbele yangu.

"Baba Stacy, unataka nikuambie ukweli, ama tuache ikae vile walivyosema?"

Nikasema naenda msalani. Ndiko niliko, mlango nimefunga, naandika. Kiti chake sijakisikia kikisogea. Bado ananingoja.