Picha Haiji, Sauti Inakwenda

Jumanne, 14 Januari

Kamera ya mlangoni imenishinda. Binti yangu Kristi kaituma kutoka Arizona, eti baba yake anaishi peke yake na nyonga mbovu. Haya, nimeitundika. Sasa nikitaka kuona laivu nani yuko mlangoni — kioo cha simu cheusi, kiduara kinazunguka, kinazunguka. Mtu akishaondoka zamani, ndipo kipande kilichorekodiwa kinaletwa kwenye simu. Faida gani? Kama ni mwizi, nimuage?

Kristi kwenye simu: Baba, betri umechaji? Nimechaji. Ruta ya intaneti umeizima ukaiwasha? Nimeizima, nimeiwasha. Ruta yenyewe iko wapi? Nikamwambia iko mahali pake. Akaguna.

Baridi kali mno. Ardis wa ng'ambo ya barabara kanisafishia theluji ngazini tena. Tangu Marlys wangu afariki hajaacha, na kila wiki analeta bakuli la chakula. Mjane mwenzangu, anajua.

Jumatano, 15 Januari

Gordy, kaka yake marehemu Marlys, kaja kunywa kahawa. Nikamwonyesha kamera. Naye hajui kitu, ila hakubali. "Bonyeza hapo, shemeji. Na hapo. Na hiki kinachofanana na koni ya aiskrimu, hiki je?" Tukabonyeza kila kilichobonyezeka. Kioo cheusi vilevile. Nikaiacha simu mezani, tukaendelea na soga.

Akauliza, mpishi wako Ardis hajambo? Basi nikaanza vituko vyangu. Nikasema zile tambi zake za jodari namwachia mbwa, na mbwa naye sasa anataka kuhama. Gordy anacheka, na mimi nikichekewa sijui kunyamaza. Nikasema Leroy mumewe hakufa kwa moyo, wapi! Alikufa kwa yale matambi. Gordy akapiga meza.

Alipoondoka nikafungua mlango. Bakuli la Ardis liko ngazini, limeganda. Ajabu, hakubisha hodi.

Jioni. Kipande kimefika kwenye simu. Ee Mungu wangu.

Ardis anapanda ngazi, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikilia. Ananyoosha kidole kwenye kengele. Halafu sauti inatoka kwenye spika ya kamera, pale karibu na uso wake — sauti yangu! Kubwa, neno kwa neno. Mbwa. Leroy. Meza ikipigwa. Kidole kimebaki hewani. Kasimama mpaka Gordy kamaliza kucheka. Kisha kaliweka bakuli chini, kapangusa theluji juu ya foili kwa glavu yake, kashuka.

Ile koni ilikuwa maiki, nasi tuliiacha wazi. Picha haiji, sauti inakwenda.

Alhamisi, 16 Januari

Aibu. Niko peke yangu jikoni na uso unawaka.

Na uongo wenyewe! Skipper, mbwa wangu, hajaonja hata tambi moja. Ninakula mimi, zote, nakwangua mpaka pembe za bakuli. Siku bakuli la Ardis likiwepo nakaa mezani kama mtu. Siku nyingine nakula nimesimama kwenye sinki. Mwanamke huyo nimemuuza kwa kicheko cha Gordy. Na Leroy! Jeneza lake nililibeba mimi.

Nimekutana na Ardis dukani, kwenye maziwa. "Baridi ya leo, Verlyn." Nikasema, baridi kweli. "Afadhali hakuna upepo." Basi, akasukuma kigari chake. Heri angenitukana! Lakini hapa mjini kwetu Bemidji nani anamtukana mtu dukani? Tunaongelea hali ya hewa mpaka tunazikana.

Ijumaa, 17 Januari

Theluji imeanguka usiku kucha. Nimeamka nimeazimia: leo najisafishia mwenyewe. Nimefungua mlango — ngazi safi, na chumvi imenyunyizwa. Kapita kabla hakujapambazuka, asinione.

Nimelia, niseme kweli. Koleo mkononi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimemweleza Kristi yote. Akaniambia: "Baba, wewe!" Kisha akasema, nenda kamwombe radhi, kwa miguu yako. Nikajibu nitakwenda, nyonga tu inanisumbua. "Nyonga!" akasema.

Akauliza tena ruta iko wapi. Nikakiri: kwenye chumba cha chini ya nyumba, nyuma ya friza ya Marlys. "Baba! Zege huku, chuma kule, mtandao upite wapi?" Nimeipandisha juu, dirishani karibu na mlango. Picha ikaja hapohapo. Laivu! Naona ngazi, naona barabara, naona mapazia ya Ardis. Juzi ningeshangilia. Leo sitaki hata kutazama.

Hapa kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Nimeoka keki ya chokoleti, ile ya kukata vipande, kama Marlys alivyokuwa akifanya. Imeungua upande mmoja. Nimeipanga kwenye bakuli lake, nimefunika. Kilichobaki ni kuvuka barabara. Na mimi — mwoga mkubwa! — nimeliweka kwenye ngazi zangu mwenyewe, nikampelekea ujumbe: bakuli lako liko nje, samahani, nyonga. Ona mtu mzima na mvi zake.

Naandika simu ikiwa mbele yangu, imeegemea kikombe. Mlango wake umefunguka. Anavuka. Koti la bluu. Picha haikwami hata kidogo, naona mpaka mvuke wa pumzi yake.

Ameinama. Ameinua foili. Ameona palipoungua. Sasa anaitazama kamera — ananitazama mimi.

"Verlyn, najua upo. Mpe Skipper aonje kwanza."

Hajacheka. Wala hajaondoka. Amelirudisha bakuli chini, amekunja mikono, amesimama tu na baridi yote hii. Kidole changu kiko juu ya ile koni. Nikibonyeza nitasema nini — kwamba leo kuna baridi?

Hapana. Si kwa spika. Kiatu kimoja nimeshavaa, cha pili sikioni, na yeye bado yupo —